Safu ya Mwisho ya Rejista

Daftari la wagonjwa wa kifua kikuu ni pana kiasi kwamba ukilifungua linajaa meza nzima. Kila mgonjwa ana mstari mmoja, unaoanzia ukurasa wa kushoto na kuishia ukurasa wa kulia. Kushoto kabisa kuna tarehe ya kuandikishwa na namba yake ya wilaya. Kisha jina, jinsia, umri, kijiji au mtaa, kituo anachochukulia dawa, aina ya dawa, na kama ni mgonjwa mpya au alishatibiwa na ugonjwa ukamrudia. Vinafuata visanduku vidogo vya majibu ya makohozi: kabla ya dawa, mwezi wa pili, mwezi wa tano, mwisho wa tiba. Na kulia kabisa, baada ya vyote hivyo, ipo safu ya matokeo. Humo mratibu wa wilaya, hadi mwaka 2013, aliandika moja kati ya mambo sita: amepona, amemaliza dawa bila kipimo cha mwisho, dawa zimeshindwa, amefariki, ametoroka, amehamia wilaya nyingine.

Hakukuwa na la saba, na haikuruhusiwa kuacha wazi.

Wauguzi na waratibu wa wilaya nchini Tanzania wamejaza rejista za namna hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndugu zake, zenye mabadiliko ya hapa na pale, zimejazwa Malawi, Msumbiji, China na India. Ukiwauliza wataalamu wa kifua kikuu ni ipi kazi kubwa ya daktari Karel Styblo, aliyelibuni daftari hili, mmoja atakutajia makala ya mwaka 1967, mwingine ile ya 1985, mwingine kitabu cha 1991. Mimi nasema ni hii safu ya mwisho. Aliyoyaandika kabla yake yanaelekea humo, na yaliyofuata yametoka humo.

Styblo alizaliwa mwaka 1921 katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta kijana. Wanazi walimfunga katika kambi ya Mauthausen, Austria, kwenye machimbo ya mawe ambako wafungwa walikufa kwa kazi, kwa njaa na kwa maradhi. Humo ndimo alimoambukizwa kifua kikuu. Alitoka hai, akasomea udaktari, na ugonjwa uliompata kambini ukawa kazi yake ya maisha.

Alianza kazi wakati wa matumaini makubwa. Streptomaisini ilikuwa imegunduliwa mwaka 1943, isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952, na ugonjwa uliokuwa umeua watu kwa maelfu ya miaka ukawa na dawa. Kilichobaki, watu waliamini, ni kuwatafuta wagonjwa. Njia iliyosifiwa Ulaya ilikuwa gari la eksirei. Lilipita mji kwa mji na kijiji kwa kijiji, watu wazima wakapanga foleni, kila kifua kikapigwa picha, hata cha mtu asiyelalamika chochote. Serikali ziliyapenda sana magari hayo, kwa sababu yalionekana, yalihesabika, na kila mwananchi alijua anahudumiwa.

Kolín ni wilaya iliyo mashariki ya Prague, wakati huo ikiwa na watu wapatao 100,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Styblo na wenzake waliigeuza kuwa uwanja wa jaribio. Walipiga picha karibu watu wazima wote, wakarudia baada ya miaka michache, na katikati ya raundi hizo wakafuatilia kila mgonjwa aliyejitokeza kwa njia nyingine yoyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, WHO, na yaliwauma wapenzi wa magari ya eksirei. Wagonjwa walio hatari zaidi kwa majirani zao, wale ambao vijidudu vinaonekana kwa hadubini kwenye makohozi yao, wengi hawakupatikana na gari. Ugonjwa wao ulizuka haraka kati ya raundi na raundi. Walianza kukohoa, wakapungua, wakatoka jasho usiku, wakaenda wenyewe kwa daktari.

Maana yake ni kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye mgunduzi bora wa ugonjwa wake, mradi akifika zahanati akute mtu wa kumsikiliza na hadubini ya kupima makohozi yake. Daktari mwenzake Styblo kutoka Chekoslovakia, Kurt Toman, aliyefanya kazi WHO, aliyatumia matokeo ya Kolín katika kitabu chake cha maswali na majibu kilichotoka mwaka 1979, kitabu kilichofundisha madaktari wa kifua kikuu duniani kote. Kabla ya kitabu hicho, mwaka 1974, kamati ya wataalamu ya WHO ilikuwa imeshazishauri nchi ziache kupiga picha vifua vya watu wote bila kuchagua. Kwa nchi kama Tanzania, ambayo isingeweza kununua magari hayo, hiyo ilikuwa habari njema kuliko ilivyotambuliwa wakati ule. Kitu ilichokuwa nacho, yaani zahanati na hadubini, ndicho kilichotakiwa.

Mwaka 1966 Styblo alihamia The Hague, Uholanzi, kuongoza kitengo kidogo cha utafiti kilichoundwa kwa ushirikiano wa WHO, Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu, na shirika la Uholanzi la KNCV. Huko alifanya kazi na Ian Sutherland, mwanatakwimu Mwingereza, juu ya swali linaloonekana dogo: kila mwaka, ni watu wangapi kati ya mia wanaoingiwa na vijidudu vya kifua kikuu, wawe wataugua au wasiugue?

Waliojibu swali hilo ni watoto. Mtoto hudungwa tuberkulini kidogo ndani ya ngozi ya mkono, na baada ya siku tatu hivi uvimbe hupimwa kwa rula, kwa milimita. Mkono wa mtoto wa miaka saba ukiitikia, tunajua amekutana na vijidudu wakati fulani ndani ya miaka saba, kwa hiyo yuko mtu karibu naye aliyekuwa akikohoa. Ukipima watoto wa kutosha na ukajua umri wao, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu hadi kwenye hatari ya maambukizi ya kila mwaka. Hakuna anayehitaji kuaminiwa, si mganga mkuu mwenye takwimu za kujipamba wala wizara. Mtoto hawezi kudanganya kwa ngozi yake.

Kutokana na takwimu hizo Styblo alitoa mwaka 1985 kanuni iliyobeba jina lake. Inaweza kufanywa nyuma ya bahasha, na ni vyema msomaji aifanye pamoja nami. Chukua watu 100,000. Ikiwa 1 kati ya 100 anaambukizwa kila mwaka, hao ni maambukizi mapya 1,000. Mgonjwa mmoja asiyetibiwa, mwenye vijidudu makohozini, huambukiza watu wapatao 10 kwa mwaka. Kwa hiyo lazima wawepo wagonjwa 100 wa namna hiyo wakikohoa katikati ya watu hao. Mgonjwa asiyetibiwa hukaa katika hali hiyo kama miaka miwili, kisha hufa au hupona mwenyewe. Basi ili wawepo 100 muda wote, lazima wapya 50 wazuke kila mwaka. Hatari ya asilimia 1 ni sawa na wagonjwa wapya 50 kwa kila watu 100,000.

Kwa zaidi ya miaka 20 nchi zilizokosa takwimu za kuaminika zilikadiria wagonjwa wao kwa hesabu hii. Watoto wa shule walidungwa mkono, asilimia ikapatikana, ikazidishwa kwa hamsini, na waziri akaambiwa wangapi wanaugua na wangapi kati yao hawajaonekana. Kanuni hiyo ilikuwa na sharti moja ndani yake ambalo wengi walilisahau, nami nitalirudia mwishoni: ilihesabu mgonjwa asiyetibiwa.

Kufikia miaka ya 1970 Afrika Mashariki ilikuwa na sifa yake katika sayansi ya kifua kikuu. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kwa uongozi wa Wallace Fox na Denis Mitchison, lilikuwa limefanya majaribio ya dawa pamoja na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kituo cha utafiti kikiwa Nairobi. Matokeo yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba rifampisini ikiungana na isoniazidi, tiba inaweza kushuka hadi miezi sita badala ya mwaka na nusu. Wagonjwa wa Afrika Mashariki ndio walioithibitishia dunia tiba ya muda mfupi. Hili halisemwi vya kutosha.

Lakini jaribio la hospitali na zahanati ya kijijini haviko karibu. Zamani mgonjwa wa Tanzania alipelekwa Kibong'oto, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kama makao ya wagonjwa wa kifua, akakaa huko miezi mingi kwenye hewa ya baridi. Baada ya jaribio la Madras mwaka 1959 kuonyesha kwamba anayemeza dawa nyumbani hupona sawa na aliyelazwa, wodi zikaanza kufunguka na watu wakarudi kwao na vidonge. Ndipo tatizo la kweli lilipoanza. Mwanamke anayekohoa damu Machi huanza dawa, na Mei kikohozi kimekwisha, nguvu zimerudi, mahindi yanamsubiri, na kituo kiko mbali. Amepona, kwa kadiri anavyojisikia. Kumwambia aendelee miezi kumi zaidi ni kumwomba aamini ugonjwa ambao mwili wake haumwambii tena kwamba upo. Vijidudu vilivyobaki vinamsubiri. Anarudi baada ya mwaka akiwa mbaya kuliko mwanzo, na safari hii huenda dawa ileile isimsaidie.

Mwaka 1977 serikali ya Tanzania, ikisaidiwa na Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu na wafadhili wa Uswisi na Uholanzi, ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na Styblo akawa mshauri wake. Magonjwa mawili yaliwekwa pamoja kwa sababu yalihitaji mtu yuleyule, yaani mtu wa wilaya mwenye pikipiki, anayejua kupima na kuhesabu, na anayeweza kumfuata mgonjwa hadi nyumbani. Tangu Azimio la Arusha zahanati zilikuwa zimejengwa kwa wingi vijijini, na huo ndio mfupa ambao mpango uliuegemea. Kila wilaya ikapata mratibu wake na kila mkoa wake. Hospitali ya wilaya ikapata hadubini, rangi nyekundu ya kupakia vijidudu, na mtu aliyefundishwa kukiona kijidudu chembamba chekundu juu ya uwanja wa buluu, akipitia sehemu 100 za kioo kimoja kabla ya kuandika kwamba hakuna.

Mwanzoni dawa zilikuwa za bei nafuu: sindano za streptomaisini miezi miwili, kisha kidonge chenye isoniazidi na thiasetazoni hadi mwaka utimie. Wataalamu wengi wa wakati ule, Styblo akiwemo, waliona nchi maskini haifai kupewa rifampisini. Ni ghali, na ikitumiwa ovyo itaota usugu, na hapo dunia itapoteza dawa yake bora kuliko zote.

Rejista ndiyo iliyombadilisha mawazo. Ilipojazwa kwa uaminifu mpaka safu ya mwisho, ilionyesha kwamba tiba ya mwaka mzima ilikuwa ikipoteza wagonjwa kupita kiasi. Karibu nusu hawakuwa wakipona. Kila mmoja alikuwa na mstari wake, na mstari unaoishia kwenye neno "ametoroka" ulihesabiwa kama kushindwa kwa mpango. Naona hapa ndipo ukubwa wa Styblo ulipo, kwamba alikubali kuaibishwa na daftari alilolibuni mwenyewe.

Suluhisho lililopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa la hekima ya kijijini zaidi kuliko ya maabara. Rifampisini ingetolewa, lakini miezi miwili ya kwanza tu, mbele ya macho ya muuguzi, kila siku, mara nyingi mgonjwa akiwa amelazwa. Kisha angekwenda nyumbani na kidonge cha bei nafuu kwa miezi sita. Miezi minane kwa jumla. Dawa ya thamani haikutoka mikononi mwa wahudumu, na vijidudu vingi vilikufa kabla mgonjwa hajapata nafasi ya kutoroka. Wilaya kwa wilaya, waliopona walikaribia 80 kati ya 100.

Inafaa kueleza kwa nini namba hiyo iliaminiwa, kwa sababu hapo ndipo mchango wa kisomi wa Styblo ulipo hasa. Chukua wagonjwa 100 walioanza dawa katika robo moja ya mwaka. Baada ya miezi minane 60 bado wanahudhuria, na 55 kati yao makohozi yao ni safi. Ripoti za zamani zingeandika kwamba 55 kati ya 60 wamepona, zaidi ya asilimia 90, na kila mtu angefurahi. Styblo alikataza jambo hilo. Waliokuwa 100 siku ya kwanza wanabaki 100 siku ya mwisho, hata waliokufa, hata waliokwenda machimboni bila kuaga. Jibu ni 55 kwa 100. Kila robo ya mwaka mratibu wa wilaya alifungua rejista, akahesabu kundi la wagonjwa walioanza miezi tisa au kumi na miwili iliyopita, akaijaza fomu na kuipeleka mkoani, na mkoa ukaipeleka Dar es Salaam. Hesabu hizo ziliendelea katika kipindi ambacho nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, mafuta yalikuwa ya kupanga foleni, na sabuni ilikuwa haipatikani madukani.

Dk. Chum, aliyeongoza mpango wa taifa kwa miaka mingi, ni mmoja wa Watanzania ambao majina yao yamo katika makala za kisayansi za mpango huu: uchunguzi wa tuberkulini wa watoto wa shule ulioanza mwaka 1983, hesabu za gharama, na baadaye utafiti wa kifua kikuu na UKIMWI. Jina lake linastahili kusimama karibu na la Styblo kila historia hii inapoandikwa, na mara nyingi halisimami. Waratibu wa wilaya hawamo kabisa. Namba zote zilizoisadikisha dunia zilipita mikononi mwao, zimeandikwa kwa kalamu zao, mara nyingi baada ya siku nzima barabarani wakimtafuta mtu mmoja aliyeacha dawa. Katika makala wao ni neno "takwimu". Nadhani ni deni ambalo bado halijalipwa.

Sasa ulimwengu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kifua kikuu kilikuwa kimesahauliwa katika mashirika makubwa, na idara yake WHO ilikuwa na wataalamu wa kuhesabika kwa vidole. Nchi tajiri ziliona ugonjwa umekwisha kwao, na zilidhani kwa maskini hauwezekani. Christopher Murray, mwanauchumi wa afya wa Harvard, alitaka kujua ni wapi dola ya afya inaokoa maisha mengi zaidi. Mwaka 1990 yeye, Styblo na Annik Rouillon, aliyekuwa kiongozi wa Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu, walichapisha makala juu ya mzigo wa kifua kikuu katika nchi zinazoendelea na gharama ya kuutua. Ugonjwa ulikuwa ukiua karibu watu milioni 3 kwa mwaka. Mwaka uliofuata jarida la Lancet likachapisha hesabu za gharama kutoka Tanzania, Malawi na Msumbiji, nchi tatu zilizokuwa zikitumia njia ileile. Kwa dola chache tu ulinunua mwaka mmoja wa uhai wa binadamu. Wagonjwa wa kifua kikuu wengi ni watu wazima wenye umri wa kulima na kulea, na kumponya mmoja ni kuwaokoa pia kumi ambao angewaambukiza. Ni kazi chache sana za afya zilizokuwa na faida kubwa namna hiyo kwa fedha ndogo namna hiyo.

Benki ya Dunia ilisikia, kwa kuwa aliyesema alizungumza lugha yake. Mradi mkubwa wa China ulianza mwaka 1991 kwa mkopo wa benki hiyo, ukiwa na hadubini, dawa za kusimamiwa na rejista. Mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka malengo: wagundulike wagonjwa 70 kati ya 100 wenye vijidudu makohozini, na wapone 85 kati ya 100 wanaotibiwa. Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 1993, iliyohusu afya, iliitaja tiba ya kifua kikuu miongoni mwa hatua zenye tija kubwa kabisa. Mwaka huohuo WHO, chini ya Arata Kochi aliyeongoza idara ya kifua kikuu, ilitangaza ugonjwa huu kuwa dharura ya dunia. Lilikuwa tangazo la kwanza la aina yake.

Kisha likaja jina. Njia hii ilikuwa na nguzo tano: serikali iliyojifunga, hadubini, tiba ya muda mfupi inayosimamiwa, dawa zisizokatika, na rejista yenye hesabu za kila kundi. Mwaka 1995 WHO iliipa jina la kibiashara, DOTS, na jina lenyewe lilitokana na nguzo moja tu kati ya tano, ile ya mgonjwa kumeza dawa akitazamwa. Jina liliuza, nchi nyingi zikajiunga, na silidharau hilo, kwa sababu watu walipona. Lakini watafiti walioichunguza historia ya jina hilo wameonyesha jinsi lilivyopunguza wazo. Duniani kote watu walijifunza kwamba siri ya Tanzania ni muuguzi anayemtazama mgonjwa akimeza kidonge. Hesabu ya kundi zima hadi mtu wa mwisho, iliyokuwa ndiyo roho ya mpango, haikuonekana katika herufi hizo nne.

Ubishi ulifuata, na ulikuwa wa haki. Majaribio ya Afrika Kusini na Pakistani yalionyesha kwamba kutazamwa peke yake, bila mengine, hakuongezi waliopona. Watafiti wa Tanzania wenyewe walipima mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama mtu wa nyumbani au jirani anaweza kusimamia dawa sawa na muuguzi, wakakuta anaweza, na mgonjwa akaruhusiwa kuchagua. Paul Farmer na wenzake, wakifanya kazi katika vitongoji duni vya Lima, Peru, walionyesha kwamba mgonjwa mwenye vijidudu sugu akipewa tena dawa zilezile kwa kufuata mwongozo, anazidi kujenga usugu. Na mkazo juu ya makohozi uliwaacha nje watoto, ambao hawawezi kukohoa makohozi ya kupimwa. Hayo yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba utafiti wa kitaifa wa miaka ya 2006 na 2007 ulikuta usugu mkubwa wa dawa Tanzania kwa karibu mgonjwa mpya 1 tu kati ya 100. Mimi naiona humo ile rifampisini iliyofungiwa kwenye kabati la muuguzi kwa miaka ishirini.

Jaribu kubwa zaidi lilitoka Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Kinga ya mwili ilipodhoofika, vijidudu vilivyokuwa vimelala viliamka. Wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa Tanzania waliongezeka kutoka takriban 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi zaidi ya 60,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kile kidonge cha bei nafuu, thiasetazoni, kikageuka sumu. Watu wenye virusi walipokimeza, baadhi walichubuka ngozi mwili mzima kama walioungua kwa maji ya moto, na wengine wakafa. Watafiti wa Nairobi walilithibitisha hilo katika Lancet mwaka 1991. Mpango uliojengwa juu ya bei ya kidonge hicho ulilazimika kukitoa na kuiweka ethambutoli mahali pake. Naandika hivi nikijua kuna familia zilizozika watu wao kwa dawa waliyopewa kwa nia njema.

Na bado, katikati ya janga hilo, uchunguzi wa watoto wa shule uliorudiwa kila baada ya miaka mitano hivi ulileta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wagonjwa waliongezeka mara tano, lakini hatari ya maambukizi kwa watoto haikupanda, bali ilishuka polepole. Mgonjwa mwenye virusi hukaa muda mfupi akiambukiza, ama kwa kufariki mapema ama kwa kufika hospitali mapema. Na wale wengine, wenye vijidudu vingi makohozini, walikuwa wakigunduliwa na kuponywa.

Styblo alifariki The Hague mwaka 1998. Miaka kumi baadaye Frank van Leth, Marieke van der Werf na Martien Borgdorff walichapisha, katika jarida lilelile la WHO lililotoa habari za Kolín, uchunguzi mpya wa kanuni ya asilimia 1 na wagonjwa 50. Walikuta haifanyi kazi tena. Kanuni ilidhani mgonjwa anakohoa miaka miwili bila dawa na kuambukiza watu kumi kila mwaka, na mgonjwa wa namna hiyo hayuko tena kwa wingi katika nchi ambazo zahanati zao zinampima, zinamtibu na kumfuata mpaka mwisho. Nchi zikalazimika kuacha kuzidisha kwa hamsini na kwenda kuwatafuta wagonjwa wenyewe, kaya kwa kaya. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2012, kwa eksirei na makohozi, ikakuta mzigo mkubwa kuliko uliokuwa ukikadiriwa.

Mwaka 2013 WHO ilibadili maneno ya safu ya mwisho. Aliyekuwa akiandikwa mtoro, neno linalomlaumu mtu kabla hajaulizwa kama alikuwa na nauli, sasa huandikwa kwamba amepotea kwenye ufuatiliaji. Mratibu bado haruhusiwi kukiacha kisanduku wazi, na kabla hajaandika maneno hayo anatakiwa awe amekwenda kumtafuta mgonjwa huyo kijijini kwao.